Ukifowadi matusi ya kabila, na wewe umo

Wiki hii inboksi imejaa maandamano na matusi ya mitandaoni, nimechukua maswali manne.

Mimi ni wa bodaboda hapa Kaptembwo, Nakuru. Kuna meseji iliingia kwa grupu yetu ati kabila fulani wafungashe virago, nikaifowadi kwa grupu mbili tu. Jamaa ananiambia naweza fungwa, na si mimi niliandika?

Ndugu yangu, huyo jamaa hakudanganyi. Sheria ya Uwiano ya 2008, kifungu cha 13, haishiki mwandishi peke yake, inashika na anayesambaza, na haiangalii tu ulikuwa na nia gani, inaangalia pia kama kwa vile mambo yalivyo hayo maneno yangeweza kuwasha chuki. Faini hadi shilingi milioni 1 ama jela hadi miaka 3 ama zote mbili, sasa piga hesabu hiyo ni pikipiki ngapi. Na sisi watu wa Nakuru tusijifanye hatujui hiyo sheria ilitoka wapi, iliandikwa moshi wa ghasia za baada ya uchaguzi, za 2007 na 2008, ukiwa bado machoni, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa nchini. Neno kama madoadoa kwingine ni urembo wa kitambaa tu lakini huku Bonde la Ufa mtu mzima akilisikia anajua kuna mtu anaambiwa ahame, ndio maana Januari 2022 seneta mmoja alilitamka kwa mkutano Eldoret na hazikupita siku nyingi akajipata korti ya Nakuru. Ifute hiyo meseji leo, na useme kwa hizo grupu ulikosea. Kosa halifutiki hivyo lakini angalau moto hautaendelea kutoka kwako.

Tuko Kondele, Kisumu, tunataka kuandamana juu ya maji, OCS, mkuu wa kituo cha polisi, anasema hajatupa ruhusa.

Ruhusa gani? Katiba kifungu cha 37 inakupa haki ya kuandamana kwa amani na bila silaha. Sheria ya utulivu wa umma inataka mumpe notisi tu, si chini ya siku 3 wala zaidi ya 14 kabla, na mtembee kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Anaweza kuwaambia siku hiyo haiwezekani kama kuna wengine walishaleta notisi ya pahali hapo saa hiyo hiyo. Mwambieni aandike sababu, na nyinyi mbaki na kopi iliyogongwa muhuri. Lakini niseme ukweli, sheria iko kwa karatasi na gasi iko Kondele, kwa hivyo wazee na watoto wasiwe mbele, na akitokea mtu na mawe mtoeni nyinyi wenyewe.

Mimi ni mwanafunzi Kakamega. Mbona Uingereza wabaguzi wanaandamana na polisi wanawazunguka kama walinzi?

Kwa sababu huko kuchukiza peke yake si kosa, kosa ni kuchochea chuki ya rangi, na hiyo inaweza kukupeleka ndani hadi miaka 7. 2011 EDL, kikundi cha kupinga Waislamu, kilitaka kupita Tower Hamlets, mtaa wa London wenye Waislamu wengi, waziri wa mambo ya ndani Theresa May akapiga marufuku maandamano ya kutembea siku 30, ya kila mtu, hata ya wanaopinga ubaguzi. Lakini sheria haikumpa nguvu ya kukataza watu kusimama pahali pamoja, basi wakaja wakasimama, polisi wamewazingira. Wajerumani ni wakali zaidi, alama ya Nazi tu ni jela hadi miaka 3, na unaelewa mbona. Marekani nayo tangu uamuzi wa korti ya juu wa 1969 unaweza kusema karibu chochote bora usiwe unachochea fujo ya hapo hapo. Mimi hiyo ya Marekani siitaki hapa Nakuru, samahani.

Nikimtukana gavana Facebook, hiyo ni chuki?

Hapana, chuki ya hiyo Sheria ya Uwiano ni ya kabila, rangi, uraia ama asili, na gavana si kabila. Ukianza "hawa watu wa kwao" ndio umeingia. Ukisema ameiba na huna ushahidi, hiyo ni kesi ingine ya kuharibu jina, tafuta wakili.