Mume wangu hamtaki mshauri wangu

*Shangazi, nimeolewa miaka tisa. Siku hizi mimi na mume wangu tunazungumza habari za watoto na bili, basi. Nina mshauri ninayemwona peke yangu kwa miezi sasa, ananielewa sana. Nimemwomba mume wangu twende kwake pamoja, amekataa katakata. Anataka twende kwa mzee mmoja rafiki yake, mtu wa busara. Twende kwa nani?*
*Nimechoka*

Dada yangu, utanikasirikia, lakini hapa mumeo hajakosea. Mshauri wako anamjua mumeo kwa maneno yako tu, tena maneno ya siku ulizokuwa umeumia. Mumeo akiketi pale atajiona mshtakiwa ambaye hukumu yake imeshaandikwa. Washauri wengi makini wangekataa wenyewe kuwapokea wawili katika hali hiyo. Endelea naye kwa mambo yako.

Mzee naye hapana. Busara anayo, sibishi, ila ni wa mumeo kabla hajawa wenu.

Tafuteni mtu msiyemjua nyote wawili, na mumhoji kabla ya kumweleza lolote. Kwanza, amesomea kushauri wanandoa? Wapo waliofunzwa kumsikiliza mtu mmoja, na wawili wakianza kurushiana maneno mbele yao wanabaki kutazama. Kuna nchi ambako yeyote anaweza kujiita mshauri, kwa hiyo ulizeni cheti, na kama kwenu kuna leseni, muione. Kisha aeleze anavyofanya kazi. Wanaofuata njia iliyoanzishwa na wanasaikolojia Sue Johnson na Les Greenberg huko Kanada miaka ya 1980, kwa mfano, hawatafuti mkosaji. Wanatazama jinsi mmoja anavyofuatilia na kulalamika huku mwenzake akizidi kujifungia, na kila mmoja akimchochea mwingine. (Nahisi hapo umejiona.) Si lazima awe wa njia hiyo, ila akikwambia "mimi huwasikiliza tu watu", mshukuru, uage.

Swali ambalo wengi hawaulizi ni la siri. Mwulize: mmoja wetu akikupigia simu kando akakwambia jambo ambalo mwenzake halijui, utafanyaje? Wengine hutunza siri hiyo, wengine husema mapema kwamba hawapokei siri ya upande mmoja. Mnaweza kuishi na jibu lolote kati ya hayo, mradi nyote mlijue kabla ya kuanza. Asiyekuwa na jibu atakuja kuwachanganya siku ambayo hamna nguvu ya kuchanganyikiwa.

Hujaandika kwamba unamwogopa, lakini lazima niguse hilo. Kama anakupiga, anakutisha, au utakalosema mbele ya mshauri utalilipia mkifika nyumbani, usiende naye. Mwambie mshauri wako ukiwa peke yako, muanze na usalama wako. Mshauri mzuri wa ndoa naye huwauliza jambo hili kila mmoja kwa faragha.

Kama hofu haipo, watafute watatu wewe, amchague mmoja yeye. Aliyekataa kupelekwa huenda akakubali kuchagua. Mkishakutana na mshauri mara tatu hivi na mmoja wenu bado anaona anaelemewa, mwambieni waziwazi. Akijitetea badala ya kurekebisha, rudini kwa wale wawili waliobaki.

Shangazi