Kaharabu iliyoelea kwenye maji ya chumvi bado inaweza kuwa sandarusi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nipo Moshi, nina mwaka mmoja tu tangu nianze kukusanya visukuku, na vitu vitatu vinaninyima amani. Cha kwanza ni kipande cha kaharabu chenye sisimizi na usubi ndani, nilichonunua duka la vinyago Arusha. Muuzaji alikitumbukiza mbele yangu kwenye glasi ya maji ya chumvi, kikaelea, akasema huo ndio uthibitisho kwamba kina miaka milioni 40. Siku hizi kimejaa nyufa nyembamba kwa juu, na nikikishika muda mrefu kiganja kinanata. Cha pili ni trilobaiti (mnyama wa baharini wa kale mwenye gamba, aliyekwisha kutoweka) wa Moroko, urefu sentimita 9, mweusi anayeng'aa, juu ya jiwe la kahawia. Mgongoni ana vitundu vidogo vya duara. Cha tatu ni jiwe jeusi la umbo la yai nililookota Mto Karanga. Jirani yangu anasisitiza ni yai la dinosaria. Nitajuaje ukweli bila maabara?

JIBU: Marahaba. Hicho cha kwanza karibu hakika ni sandarusi, yaani utomvu wa mti ambao bado haujakomaa kuwa kaharabu. Trilobaiti wako ana dalili ya kumiminwa kwenye kalibu, lakini apimwe kwanza kabla ya kuhukumiwa. Jiwe la Karanga si yai. Nitaeleza kila kimoja, na zaidi cha kwanza, kwa sababu hapo ndipo wakusanyaji wengi wanapoumia: wanajilinda dhidi ya plastiki, kumbe wanauziwa kitu halisi chenye jina na umri wa uongo.

Tafuta lenzi ya kukuza mara 10, kama ile wanayotumia madalali wa tanzanaiti, na mizani ya kidijitali inayosoma gramu 0.1. Ongeza uzi, chumvi, siki nyeupe, sindano, na asetoni kidogo. Soma chupa ya asetoni kwanza, kwani baadhi ya dawa za kuondolea rangi ya kucha hazina asetoni kabisa na zitakupa jibu la uongo. Anza na macho na lenzi, kisha mizani, kisha tone la kimiminika. Sindano ya moto iwe ya mwisho, maana alama yake haifutiki.

Sasa kaharabu. Kipimo cha maji ya chumvi si cha uongo, ila kinajibu swali jingine. Koroga gramu 60 za chumvi katika mililita 250 za maji ya uvuguvugu mpaka ziyeyuke zote. Maji hayo yanakuwa na msongamano (uzito kwa ujazo) wa takribani gramu 1.14 kwa sentimita ya ujazo. Kaharabu ina 1.05 hadi 1.10, hivyo inaelea. Kioo kina kama 2.5, na ile plastiki ngumu ya zamani iitwayo bakelaiti huwa juu ya 1.25, vyote vinazama. Lakini sandarusi nayo iko humohumo karibu na kaharabu, na plastiki nyepesi aina ya polistairini ina takribani 1.05. Zote tatu zinaelea. Muuzaji wako alithibitisha kwamba hakukuuzia kioo, basi.

Kaharabu na sandarusi zote ni utomvu wa miti, na tofauti yao ni muda. Utomvu unapofukiwa, mafuta yake mepesi yanatoka polepole na chembe zake zinashikana, moja na nyingine, mpaka unakuwa mgumu na hauyeyuki kirahisi. Kazi hiyo huchukua mamilioni ya miaka. Kaharabu ya nchi za Baltiki ina miaka milioni 34 hadi 48 hivi, ya Jamhuri ya Dominika kama milioni 15 hadi 20. Sandarusi haijafika huko. Nyingi inayouzwa, hasa ya Madagaska na Kolombia, ina umri wa mamia au maelfu machache ya miaka. Ndiyo maana kipande chako kinanata: joto la kiganja linatosha kulainisha utomvu ambao haujakomaa. Na nyufa zile zinatokea kwa sababu mafuta yaliyobaki yanaendelea kutoka upande wa nje, ngozi ya juu inasinyaa wakati ndani bado kumejaa. Kaharabu ya zamani pia hupata nyufa, lakini haiachi unato mkononi.

Ukitaka kuthibitisha, chagua sehemu ya chini isiyoonekana, mbali na wadudu. Weka tone moja la asetoni, hesabu sekunde 20, kisha gusa kwa kidole au bandika kijipande cha karatasi. Sandarusi inalainika, inanata, karatasi inashika, na ikikauka panabaki doa lisilong'aa. Kaharabu haibadiliki. Hapa watu hukosea kwa namna mbili. Wanaacha asetoni dakika kadhaa, na kwa muda huo hata kaharabu nzuri inaweza kupoteza mng'ao. Au wanaweka tone juu ya kipande kilichopakwa vanishi, vanishi inanata, wanalaani kaharabu isiyo na kosa. Kwa hiyo ukiona unato, futa, acha pakauke, rudia mahali palepale. Na kumbuka polistairini nayo inayeyuka kwa asetoni. Ya kuitenganisha na sandarusi ni sindano: ipashe moto kwenye mshumaa, iguse upande wa chini, unuse. Utomvu hutoa harufu ya uvumba au ya miti ya misonobari. Plastiki hutoa ule moshi mkali wa mfuko wa nailoni unaoungua.

Wadudu nao wanasema mengi chini ya lenzi. Mdudu aliyenaswa na utomvu alikuwa anakufa akihangaika: mguu umejikunja, bawa moja limelala vibaya, pembeni kuna kiputo cha hewa au vumbi la gome. Ukikuta nge mkubwa katikati kabisa ya kipande safi, miguu yote imetandazwa kama kwenye kabati la maonyesho, hiyo ni plastiki aliyomwagiwa akiwa tayari amekufa. Kuna na hila ya katikati: kipande halisi kinachongwa shimo, mdudu wa leo anawekwa, shimo linajazwa gundi angavu. Hiyo usiitafute kwa kutazama kutoka juu. Kigeuze ubavu, kiangalie dhidi ya mwanga wa dirisha, utaona mstari mwembamba unaozunguka mdudu, au viputo vimejipanga kwenye uso mmoja bapa. Usubi na sisimizi wako, wadogo na waliokaa ovyo, kwa maelezo yako ni wa kweli kabisa. Ni wa msitu wa jana tu, kwa saa ya jiolojia.

Usikitupe. Sandarusi ina historia kwetu kuliko kaharabu: katika karne ya 19 ilichimbwa kwenye udongo wa pwani yetu, ikapitia Unguja kwenda Ulaya na Marekani kutengenezwa vanishi, na msandarusi bado unaota kwenye misitu ya pwani. Andika lebo upya, "sandarusi yenye wadudu", kihifadhi gizani, mbali na jua na dirisha la gari, na usikisafishe kwa spiriti. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha. Ulichopoteza ni tofauti ya bei, na una haki ya kurudi kwa muuzaji kuidai.

Kwa trilobaiti, anza na vile vitundu. Hewa ikinaswa kwenye utomvu wa viwandani au kwenye fila, ile wanayojazia mafundi bodi za magari, inaacha vitundu vya duara vyenye ukingo laini. Wanyama wa kweli wanaweza kuwa na vinundu au vishimo mgongoni, lakini hivyo hukaa kwa mpango, kulia sawa na kushoto, kwa kuwa ni sehemu ya mwili. Vitundu vilivyotawanyika ovyo, tena vikionekana mpaka kwenye jiwe la pembeni, ni hewa.

Halafu tazama mahali mnyama anapokutana na jiwe. Trilobaiti wengi wa Moroko hupatikana pale fundi anapopasua mwamba: ufa unapita katikati ya mnyama, vipande vinagundishwa, kisha mwamba unaondolewa kidogokidogo kwa sindano inayoendeshwa kwa hewa. Kwa hiyo ufa uliogundishwa, unaokata jiwe na mnyama kwa mstari mmoja, ni habari njema, ingawa anayeanza huuona kama kasoro. Jiwe lisilo na ufa hata mmoja, mnyama akiwa amekaa juu yake kama chapati kwenye sahani, linatia shaka. Ukiona mfereji uliojazwa rangi tofauti kumzunguka, amebandikwa. Angalia pia macho ya mnyama: kundi la trilobaiti liitwalo Phacops lina jicho la vijilenzi vingi vinavyoonekana kimoja kimoja, vimepangwa kwa safu. Kalibu za bei rahisi huvifanya vivimbe visivyo na mipaka.

Kisha mpime. Mizani ikae pasawa. Pima kipande kikiwa kikavu, andika. Weka juu ya mizani bakuli la maji lenye tone moja la sabuni ya vyombo ili viputo visishike, bonyeza mizani isome sifuri. Funga kipande kwa uzi, kizamishe chote kikining'inia, kisiguse kitako wala ukingo. Namba utakayosoma ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Tuseme kipande kina gramu 410 na mizani inasoma 154: jibu ni 2.66, nalo ni la mwamba wa chokaa. Kikiwa na gramu hizohizo mizani ikasoma 228, jibu ni 1.8, na hakuna mwamba wa chokaa mgumu wa namna hiyo. Hapo umeshika fila. Kosa la kawaida ni kuachia kipande kikagusa kitako cha bakuli, mizani ikasoma uzito badala ya ujazo. Jingine ni kusahau kwamba mnyama wa bandia anaweza kubandikwa juu ya jiwe la kweli, jibu likatoka 2.5 na kukutuliza bure.

Ndiyo sababu siki inafuata. Kwangua unga kidogo upande wa chini wa jiwe, na kidogo sana kwenye ukingo wa mnyama, kila unga mahali pake, tone siki, tazama kwa lenzi. Chokaa inatoa vipovu. Jasi na utomvu wa kiwandani havitoi. Jiwe likitoa povu, mnyama asitoe, umepata jibu. Wote wakitoa, bado usishangilie sana, kwa kuwa wapo wanaochanganya unga wa jiwe lenyewe na gundi. Mguse mnyama ukingoni kwa sindano ya moto. Jiwe halinuki wala halilainiki. Ila wengi huwa ni nusu kwa nusu: kichwa halisi, mkia wa kutengeneza. Chini ya tochi ya UV, kama zile za kukagulia noti, gundi na viraka mara nyingi hung'aa tofauti na mwamba. Kiraka kilichotajwa na muuzaji ni ukarabati. Kilichofichwa ni udanganyifu.

Jiwe la Karanga halihitaji hata mizani. Mto ule unashuka Kilimanjaro, na volkano ya Kilimanjaro ilianza kulipuka takribani miaka milioni 2.5 iliyopita. Dinosaria, tukiacha ndege, walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Mwamba huo haukuwapo walipokuwa wakitaga. Lava yenyewe haihifadhi yai, inachoma. Ulichookota ni lava iliyoviringishwa na maji, na ukiona magamba yanabanduka kwa tabaka kama kitunguu, huko ni kuoza kwa mwamba. Ganda la yai la kweli ni jembamba, milimita chache, ni la chokaa, na lenzi huonyesha vijitundu vya kupumulia. Anayetaka dinosaria wa Tanzania aende Tendaguru, Lindi, walikochimbwa kati ya 1909 na 1913.

Jivu la volkano ni habari nyingine. Nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.6 hivi, zilihifadhiwa kwenye jivu, na mabonde ya Ngorongoro na Ziwa Natron yana mifupa ya kale. Hapo nakusihi sana: ukikuta mfupa au nyayo zimegeuka jiwe, usichimbe, usibebe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchimba bila leseni na kutoa nje ya nchi bila kibali. Tena mfupa ulioondolewa kwenye tabaka lake umepoteza umri wake, kwa maana mara nyingi umri husomwa kwenye jivu la juu na la chini yake, si kwenye mfupa.

Piga picha tatu: moja ya karibu ukiweka sarafu pembeni, moja ya ukuta wa korongo ikionyesha tabaka, moja ya mbali yenye mti au kilima kinachotambulika. Hifadhi namba za mahali kutoka kwenye simu, kisha toa taarifa Idara ya Mambo ya Kale, au pitia Makumbusho ya Elimu Viumbe pale Boma la Wajerumani, Arusha. Ukienda, beba na trilobaiti wako pamoja na karatasi yenye namba zake mbili, uzito mkavu na ujazo.