Nilisomea uhandisi, na historia ya nchi ikanikuta kazini

Mleta mada, umeuliza kwa nini mwanafunzi wa uhandisi au udaktari alazimishwe kusoma historia ya nchi chuoni, wakati huku sekondari tayari kuna Historia ya Tanzania na Maadili. Mimi nilisomea uhandisi ujenzi, nakujibu kwa yaliyonipata.

Mwaka wa kwanza tulikuwa na somo la maendeleo, lazima kwa kozi zote. Azimio la Arusha, uchumi wa kikoloni, vijiji vya ujamaa, vyote vilikuwa humo. Ukumbi unajaa hadi watu wanakaa kwenye ngazi, mhadhiri anasoma slaidi kwa Kiingereza, madesa ni yaleyale waliyotumia waliotutangulia. Nilikariri usiku wa kuamkia UE, ule mtihani wa mwisho wa muhula, nikafaulu, nikasahau. Darasani kwetu wengi walisema somo lile lipo kuwashushia watu GPA, yaani wastani wa alama. Nami nilisema hivyo, tena kwa hasira.

Baadaye nikapangiwa mradi wa maji vijijini, Kigoma. Kijiji kimejipanga mgongoni mwa kilima, nyumba zote zimeshika barabara. Nikachora kisima kirefu na pampu hapohapo. Kila kikao wazee wanauliza, "Kule mahame mmefika?" Nikadhani wanatuchelewesha. Siku moja mzee akanichukua, tukatembea karibu saa mbili. Nikakuta miembe mikubwa, makaburi, na chemchemi ambayo alisema hajawahi kuiona ikikauka. Hapo ndipo walipokuwa wakiishi kabla ya kuhamishwa. Kigoma operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilianza 1972, kabla hata Mwalimu Nyerere hajatangaza Novemba 1973 kwamba kufikia mwisho wa 1976 watu wote vijijini wawe wanaishi kwenye vijiji. Watu walisogezwa barabarani, maji yakabaki kule mahameni kwao.

Tulipima upya. Chemchemi iko juu kuliko kijiji kwa mita za kutosha, tukajenga maji ya mserereko, hayahitaji dizeli. Nilikuwa nimejibu swali la vijiji vya ujamaa kwenye mtihani, lakini sikujua kwamba ndiyo sababu nyumba zimekaa pale na maji yako kule.

Na daktari? Akienda kuhamasisha watu wachangie damu, akakuta hofu ya mumiani, wale wanaodaiwa kunyonya watu damu, atafanyaje kama hajui hofu hiyo ina mizizi tangu ukoloni?

Kwa hiyo mimi nasema lazima ibaki, ila ule ukumbi na mtihani wa kukariri vifutwe. Kila mwanafunzi akahoji wazee wa kwao, kwa Kiswahili au kwa lugha yao, alete semina, apewe maksi kwa hilo. Mnaolalamikia GPA mna haki, kwa namna linavyofundishwa sasa.

Mleta mada, likizo hii ukifika nyumbani waulize mahame yenu yako wapi, na nani aliyewahamisha. Ukipata jibu, rudi hapa utuambie.