Kwa mnaoanza kusoma bahari za kale mkiwa Dodoma: anzeni na maji

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza wa jiolojia hapa UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, karibuni sana. Mkifika kwenye mada ya uhai wa kale mtauliza swali ambalo wengi waliowatangulia waliliuliza: tutaisomaje bahari ya miaka milioni 500 iliyopita tukiwa Dodoma, bara tupu, mawe yenyewe matale mtupu? Ni swali la haki. Naomba nilijibu taratibu.

Kwanza mjue mmesimama juu ya nini. Matale haya yanayochomoza kwenye vilima vya mji ni sehemu ya kiini cha kale cha bara, kinachoitwa Kreitoni ya Tanzania, na umri wake unapita miaka bilioni 2.5. Trilobaiti, wanyama wa baharini wenye gamba gumu na miguu mingi waliokwisha kutoweka, wanaonekana kwa mara ya kwanza kwenye mawe ya miaka kama milioni 521 iliyopita. Kwa hiyo mnyama huyo alipoanza kutambaa baharini, mwamba ulio chini ya hosteli yenu ulikuwa umeshaishi karibu miaka bilioni mbili. Isitoshe, wakati huo eneo letu lilikuwa ndani kabisa ya bara kubwa la Gondwana. Msihangaike kupasua mawe ya hapa mkitafuta trilobaiti. Hata visukuku vya bahari vya Lindi na Kilwa ni vya kuanzia Jura na Kretasia, zama za dinosaria, yaani vya baadaye mno. Chukueni ramani ya kijiolojia ya GST (Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania), ambao makao yao makuu yako hapa hapa mjini, mjionee wenyewe rangi za ramani zinavyobadilika kutoka huku kwetu kuelekea pwani.

Sasa ushauri wenyewe. Anzeni na maji, wanyama waje baadaye.

Madesa, yaani notisi mtakazorithi, yana orodha ndefu: trilobaiti, brakiopodi (wenye magamba mawili kama chaza), graptolaiti (vijinyama vilivyoishi kwa makoloni), konodonti (kama mikunga wadogo wenye vijino), na tarehe zao pembeni. Mtu anakariri, anapita test, ikifika UE, mtihani wa mwisho wa muhula, hana kitu kichwani. Orodha haishiki kwa sababu haina mahali pa kushikia. Kila jina jipya liulizeni hivi: maji aliyoishi huyu yalikuwa na kina gani, joto gani, oksijeni kiasi gani? Mkizoea kuuliza hivyo, jina litakaa lenyewe.

Mfano mzuri kuliko yote ni kutoweka kwa viumbe mwishoni mwa kipindi cha Ordovisia, miaka kama milioni 445 hadi 443 iliyopita. Kabla ya hapo bahari ilikuwa imepanda sana, imefunika sehemu kubwa za mabara kwa maji ya kina kifupi, yenye mwanga na chakula. Humo ndimo walimojaa brakiopodi, matumbawe ya kale na trilobaiti. Halafu barafu nene ikajijenga juu ya Gondwana, ambako ncha ya kusini ya dunia ilikuwa pale ilipo Afrika Kaskazini leo. Mikwaruzo ya barafu hiyo bado ipo kwenye miamba ya Sahara, huko Algeria. Maji mengi yakafungwa ndani ya barafu, bahari ikashuka makumi ya mita, zile bahari za kina kifupi zikakauka na zilizobaki zikapoa. Hilo lilikuwa pigo la kwanza. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda tena, na maji yasiyo na oksijeni ya kutosha yakasambaa chini. Hilo la pili likawakuta hata waliokuwa wamezoea baridi: kundi la brakiopodi liitwalo Hirnantia, lililokuwa limeenea pande nyingi za dunia wakati wa barafu, likatoweka.

Hapo kuna takwimu inayowapoteza wengi. Inasemwa kwamba asilimia kama 85 ya spishi za baharini zilitoweka, na hilo ni makadirio yanayokubalika. Lakini ukihesabu familia nzima nzima, zilizopotea ni kama robo tu. Ndiyo maana bahari ya kipindi cha Siluria kilichofuata inafanana sana na ile ya zamani: makundi makubwa ni yale yale, spishi ndizo mpya. Kwenye mtihani andikeni kila mara mnazungumzia spishi au familia. Na msiandike kwamba sababu ni barafu peke yake. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu volkano, metali zenye sumu na upungufu wa oksijeni, kwa hiyo jibu lenye sababu moja limepungukiwa.

Suala la oksijeni mnaweza kulishika kwa mikono yenu. Nendeni kando ya bwawa lenye tope zito, hata Hombolo, mchimbe kidogo ukingoni. Vaeni buti, msiingie majini, kichocho si cha kuchezea. Juu tope ni la kahawia. Teremkeni kidogo linageuka jeusi na linanuka kama yai viza. Weusi ule na harufu ile vinatoka kwa bakteria wanaoishi bila oksijeni, wakigeuza salfa kuwa gesi na kuifunga na chuma. Tope la namna hiyo likikandamizwa mamilioni ya miaka linakuwa mwamba mweusi wenye chembe za pairiti, madini ya chuma na salfa, na hapo ndipo graptolaiti wengi wanapopatikana, wakionekana kama vipande vya msumeno mwembamba vilivyochorwa kwa penseli. Hapa kuweni makini: graptolaiti hakuishi kwenye tope lile. Alielea juu kwenye maji yenye hewa, akafa, akazama mahali ambapo hakuna mnyama wa kumtafuna. Mahali kisukuku kilipolala na mahali mnyama alipoishi ni vitu viwili.

Joto la maji ya kale linasomwa kwa isotopu za oksijeni, yaani aina zake nyepesi na nzito, zilizobaki kwenye magamba ya brakiopodi na kwenye vijino vya konodonti. Barafu hubeba zaidi oksijeni nyepesi na kuiachia bahari ile nzito. Kwa hiyo namba ya oksijeni nzito dhidi ya nyepesi ikiongezeka inaweza kumaanisha maji yamepoa, au barafu imeongezeka, au vyote kwa pamoja. Mwalimu akiwapa grafu, anataka kuona kama mmeliona hilo.

Jambo jingine ni subira. Kuna mnyama wa Kambria, kipindi kilichotangulia Ordovisia, aitwaye Anomalocaris. Mwaka 1892 kiungo chake cha kukamatia chakula kilidhaniwa kuwa mwili wa kamba. Baadaye mdomo wa jamaa yake, wa mviringo, ukapewa jina kama konyeza. Ilipofika 1985 ndipo wanasayansi Whittington na Briggs walipoonyesha kwamba vipande hivyo ni vya aina moja ya mnyama, mwindaji mkubwa wa bahari ile. Chorani mnachokiona kabla ya kukipa jina.

Wala msidhani mambo haya yote ni ya Canada na China. Morocco, katika eneo la Zagora, Mohamed Ben Moula, mtafutaji wa visukuku, aligundua mawe ya Ordovisia ya mwanzo yenye miili laini iliyohifadhiwa. Mnyama mmoja wa huko, wa urefu wa mita kama mbili na aliyechuja chakula kwenye maji, aliitwa Aegirocassis benmoulai mwaka 2015 kwa heshima yake. Kusini, katika jimbo la Western Cape, Afrika Kusini, kuna tope la mwisho wa Ordovisia, la baada ya barafu, lililohifadhi konodonti mkubwa Promissum pulchrum pamoja na misuli yake. Mkichagua mada ya semina, angalieni kwanza bara letu.

Tarehe zikagueni kwenye chati ya Tume ya Kimataifa ya Stratigrafia, elimu ya tabaka za mawe. Madesa ya zamani yanaanzisha Kambria miaka milioni 542 iliyopita. Chati za sasa zinasema 538.8.

Na kemia ya mwaka wa kwanza msiichukulie kama kozi ya kujazia. Anayetaka kuendelea na bahari za kale atatumia isotopu, salfa na metali kila siku ya kazi yake, na ni rahisi zaidi kuzielewa sasa kuliko kurudi kusapu, yaani kurudia mtihani, mwaka wa pili.