Maswali ya Wasomaji: Nzi akihama tunda

SWALI: Shuleni tulifundishwa kwamba spishi haigawanyiki mpaka viumbe wake watengwe na mlima au bahari. Sasa nasikia kuna nzi Marekani wanaogawanyika wakiwa shamba moja, kisa wamehamia tunda jingine. Inawezekanaje? Na nzi wetu wa maembe je?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Huyo ni Rhagoletis pomonella. Kwa asili hutaga kwenye vitunda vyekundu vya hothoni, mti wa miiba wa huko. Matufaha yaliletwa na walowezi wa Kizungu, na katikati ya karne ya 19 wakulima wa bonde la mto Hudson, New York, wakaanza kukuta funza ndani yake. Mwaka 1864 Benjamin Walsh, mtaalamu wa wadudu, alisema kwamba kuhama mmea namna hiyo kunaweza kuzaa spishi mpya.

Mambo yanaanzia mahali wanapopandana. Dume humvizia jike juu ya tunda lenyewe. Jike hupandwa hapohapo, kisha hutoboa ganda na kutaga. Aliyechagua tunda amekwisha chagua na mwenzi. Tunda nalo hutafutwa kwa harufu, na chotara wa nzi wa tufaha na wa hothoni waliozalishwa maabara wengi hawaifuati vizuri harufu ya upande wowote.

Lakini kizito zaidi ni kalenda. Tufaha huiva wiki 3 hadi 4 kabla ya hothoni, nzi mzima huishi takriban mwezi mmoja, na kizazi ni kimoja tu kwa mwaka. Anayetoka ardhini kwa ratiba ya hothoni hukuta matufaha mengi yamekwisha anguka. Chini ya udongo nako kuna mtihani: funza wa tufaha hushuka na kugeuka pupa (hatua ya kutulia kabla ya kuwa nzi) mapema, joto likiwa bado kali. Asipolala usingizi mzito ataamka kabla ya baridi, na atakufa. Kwa hiyo kila mwaka tufaha huchuja jeni zake, hothoni nayo zake.

Mgawanyiko haujakamilika, maana asilimia 4 hadi 6 hivi bado huvuka upande wa pili kila kizazi. Hata hivyo umekwisha ambukiza wengine: nyigu Diachasma alloeum, ambaye watoto wake hula funza hao, naye ameanza kugawanyika kwa kufuata tunda.

Nzi wa maembe, Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003, hatutarajii afuate njia hiyo kirahisi. Madume hukusanyika kwenye majani wakati wa magharibi na majike huwafuata huko, kwa hiyo tunda haliamui nani ampande nani. Tena ana vizazi kadhaa kwa mwaka, akihama kutoka embe kwenda pera, chungwa, hata matunda ya porini. Ndiyo maana kusafisha chini ya miembe peke yake hakutoshi. Okota na mapera yaliyoanguka, kila baada ya siku chache, uyafukie zaidi ya nusu mita. Ukifukia juujuu, nzi watachomoza kwenye udongo kama kawaida.