Jibu: Eksirei safi, lakini mgongo wa mzee bado unauma

Pole ndugu, na mzee mpe shikamoo yangu. Umesema eksirei haikuonyesha kitu ilhali maumivu yanamshuka kiunoni hadi unyayoni. Hilo halinishangazi. Eksirei huonyesha mifupa. Diski, yaani vile vimto laini vilivyo katikati ya pingili za uti wa mgongo, na mishipa ya fahamu hazionekani. Kwa mtu aliyebeba magunia ya dagaa pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, miaka yote hiyo, mimi ningeshuku diski imechomoza ikabana mshipa.

Daktari huanza na mikono: mgonjwa analazwa chali, mguu unainuliwa ukiwa umenyooka, na maumivu yakipiga hadi chini ya goti, hiyo ni dalili ya mshipa kubanwa. Anagongwa goti kwa kinyundo, anapimwa nguvu za vidole vya mguu. MRI (kipimo cha picha kinachoonyesha diski na mishipa) ni baadaye, wala si kila mtu anaihitaji. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 kwa dawa na mazoezi. (Kukandwa kwa mawese acheni kwanza.)

Ila kama ana homa za jioni, jasho la usiku na anakonda, achunguzwe kifua kikuu cha uti wa mgongo. Na akishindwa kuzuia mkojo, au ganzi ikamshika sehemu za siri, mkimbizeni hospitali ya Maweni usiku huohuo.