Kutetemeka mikono siyo ugonjwa adimu, tuko wengi sana

Mkuu, umeuliza kama mikono ya kaka yako kutetemeka akishika kikombe au kalamu ni ugonjwa adimu, maana mtaani washaanza kusema ni pombe na wewe unahofia Pakinsoni, ule ugonjwa wa ubongo. Jibu langu hapana, siyo adimu hata kidogo. Mimi ninao, baba anao, shangazi anao na babu alikuwa nao mpaka anafariki, kwa hiyo nakuandikia kama mtu wa ndani ya nyumba.

Kwanza namba. Hii kitu madokta wanaiita esensheli trema na ni moja ya matatizo ya mwendo wa mwili yanayoongoza kwa wingi duniani, inaizidi Pakinsoni mbali. Watafiti waliokusanya tafiti za nchi nyingi mwaka 2010 walipata kama 0.9% ya watu wa rika zote, ila ukienda kwa wazee wa miaka 65 na kuendelea inapanda mpaka 4.6%, yaani karibu mzee 1 kati ya 20. Kule Mersin, Uturuki, utafiti uliotoka 2003 ulipata kama 4% kwa watu wa miaka 40 kwenda juu. Makadirio mengine ya karibuni yako chini zaidi, kama 0.3% kwa rika zote, kwa hiyo namba zinapishana kutegemea nani kahesabu na kahesabu vipi. Lakini chukua hata hiyo ya chini, piga kwa Watanzania milioni 61.7 wa sensa ya 2022, inakuja kwenye laki moja na themanini na kitu. Sisi vijana ni wengi na huu ugonjwa unapenda wazee so kata hata nusu, bado ni watu wanaojaza uwanja wa Mkapa na wengine wakabaki nje.

Sasa kuna jambo linanigusa sana kwa sababu kwetu ni Machame. Wilaya yetu ya Hai, Kilimanjaro, ilifanyiwa utafiti, walipita nyumba kwa nyumba kwenye eneo lenye watu zaidi ya 161,000, matokeo yakatoka 2008, na waliowapata na hili tatizo hawakufika hata mtu 1 kwa kila 1,000. Mtu akisoma hapo atasema basi Waafrika hatuna hii kitu. Mimi naona umri unaeleza sehemu, wazee kwetu ni wachache kuliko Ulaya, lakini sehemu nyingine ni sisi wenyewe, maana mtu akija mlangoni akauliza kama hapa kuna mgonjwa wa kutetemeka, nyumbani kwetu angejibiwa hakuna. Babu hakuwa mgonjwa. Babu alikuwa mzee, analima, anakata majani ya ng'ombe, anapanda mgomba, ila tu kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, anaishika kwa mikono miwili na chai anamiminiwa nusu kikombe, na sisi watoto tulijua babu anamiminiwa nusu, basi. Hakuna mtu aliwahi kuwaza hospitali. Na hata kwenye tafiti za huko kwingine wanakuta wengi walionao hawajawahi kumwona dokta kwa ajili hiyo.

Na hii ya pombe inaniuma kuliko zote. Ni kweli kwamba pombe kidogo inatuliza huu mtetemo kwa muda, kwa wengi wetu iko hivyo, halafu ikishaisha mwilini mikono inarudi na wakati mwingine inarudi vibaya zaidi. Sasa fikiria mzee asubuhi anatetemeka, mchana kapata mbege mkono umetulia, kijiji kizima kitasema unaona, huyo alikuwa na kiu. Shangazi yangu mlokole, hajawahi kuonja, na bado kuna watu msibani walikuwa wanaangaliana akishika sahani. Aliacha kula mbele za watu. Baba naye kuna benki walimrudishia fomu mara kibao eti saini haifanani, mtu mzima anasimama dirishani na aibu ya bure.

Kuhusu Pakinsoni, tofauti kubwa ni hii: ya Pakinsoni mara nyingi mkono unatetemeka ukiwa umepumzika tu mapajani, na inaanza upande mmoja, halafu mtu anakuwa mzito, anakaza mwili, anatembea kwa hatua fupi. Hii yetu inakuja ukitumia mkono, kushika, kuandika, kumimina, na kwa kawaida ni mikono yote miwili, wengine kichwa kinatikisika au sauti inatetemeka. Dokta atamwambia achore duara la kuzunguka kama konokono kwenye karatasi, hapo inaonekana wazi. Katharine Hepburn yule mwigizaji wa Marekani watu waliamini ana Pakinsoni kumbe ilikuwa hii.

Inatembea kwenye damu, karibu nusu ya walionao wana ndugu mwenye nayo, kwa hiyo uliza wazee wenu vizuri, usiulize nani mgonjwa, uliza nani alikuwa anamwaga chai. Na siyo ya wazee peke yao, mimi ilinianza chuoni.

Dawa ipo, propranolo, ileile ya presha, kwangu imepunguza, haijaondoa, naandika ubaoni bila shida. Ila mwenye pumu asiiguse, na usiinunue tu duka la dawa wala kuikatisha ghafla, dokta akupangie. Ipo na primidoni kwa ambao ya kwanza haiwafai. Kahawa nyingi, njaa, kukosa usingizi na wasiwasi vinaongeza, hilo atajionea mwenyewe.

Kabla ya yote kaka apime thairoidi, ile tezi ya shingoni, na amtajie dokta dawa zote anazotumia, maana hata salbutamo ya pumu inatetemesha mikono. Halafu rudi hapa utuambie ana umri gani na ilianza mkono mmoja au yote.